Tano na moja: siku ya darasani Magunga

Magunga hakuna shikamoo. Niliposhuka kwenye Probox pale sokoni, siku ya Alhamisi, jua likielekea kuzama na vumbi la njia likiwa limenijaa hadi kwenye kope, kundi la watoto waliotoka shule lilinizunguka, nami nikangoja. Kwetu Musoma mtoto akikutana na mwanamke wa umri wangu neno hilo humtoka kabla hajafikiri, na mkubwa huitika marahaba huku akiendelea na safari yake. Watoto wa Magunga walininyooshea mikono. Mmoja baada ya mwingine, pamoja na mdogo wao aliyevaa kaptula ya kaka yake, walinishika mkono na kuutikisa, wakasema "Oimore", yaani habari za jioni. Hawakuniachia njia mpaka nilipomaliza kuwashika wote. Nilihesabu mikono kumi na miwili. Salamu ya kwetu mtu huitoa akipita, hii ilinisimamisha.

Nilikuja kwa njia ya Sirari. Kutoka Musoma unapita Tarime, unavuka mpaka na kuingia Isebania, kisha Migori, kisha unashuka kuelekea ziwani hadi Sori. Ukitoka Sori unaiacha kaunti ya Migori nyuma yako na kuingia Gwassi, ambayo ni Homa Bay. Ziwa ni lile lile letu, ila walio ndani yake wamebadili majina. Dagaa huitwa omena, sangara ni mbuta, sato ni ngege. Hata makande, yale mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, huku ni nyoyo. Watu wengi husema Kijaluo, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, ingawa wazee wa Gwassi watakuambia kwamba asili yao ni Wasuba, watu wa Kibantu ambao babu zao walitokea pande za Uganda. Kisuba chenyewe kimebaki vinywani mwa wachache.

Jirani yangu wa Musoma ni Mjaluo wa Shirati. Dada yake aliolewa Gwassi, na binti wa dada huyo yuko chuo cha ualimu, amepangiwa shule ya karibu na kwao kwa mazoezi ya kufundisha. Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Niliposikia kwamba katika darasa la binti huyo watoto wenye ulemavu wanakaa na wenzao benchi moja, hakuna kitengo wala chumba cha pembeni, niliomba nikae nyuma ya darasa lake siku moja. Mwalimu mkuu wa shule akakubali. Nikaja na daftari.

Usiku ule wa kufika nilimkuta binti mezani, taa ya sola ikining'inia juu ya kichwa chake, akiandika mpango wa somo. Sisi husema andalio la somo, lakini ukurasa wenyewe ningeutambua hata gizani. Yeye ni wa kizazi kipya: Kenya imeachana na cheti cha zamani cha ualimu wa msingi kilichoitwa P1, na tangu 2021 vyuo vimepokea wanafunzi wa stashahada ya miaka mitatu. Alipofunga faili alivuta karatasi ya manila, akakata kadi kumi, na kwenye kila kadi akachora tarakimu moja, kubwa, nene. Kisha akamwambia mama yake, "Nipatie ule uzi."

Mama yake alikuwa akichambua omena kwenye ungo. Akafuta mikono, akaleta kipande cha uzi wa nyavu, ule wa nailoni wanaotumia kushonea nyavu zilizochanika. Binti alipaka gundi juu ya mstari wa tarakimu, akalaza uzi juu yake. Moja ilikubali. Nne ilikubali. Sita ilikataa. Nailoni haipendi kupindwa. Kila alipoizungusha kwenye tumbo la sita, ilijinyoosha na kuchomoka na gundi yake. Akarudia. Mwishowe akaukandamiza ule mzunguko kwa vidole gumba viwili na kukaa hivyo, bila kusogea, mpaka gundi iliposhika. Ilichukua muda mrefu kuliko kadi nyingine zote pamoja. Nilimuuliza kadi hizi ni za nani. "Ni za mtoto mmoja," akasema. "Ana ualbino, macho yake hayafiki ubaoni."

Asubuhi tulitembea kwa miguu, milima ya Gwassi ikiwa bado na ukungu mabegani. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kupandisha bendera, na paredi ilikuwa imeshapangwa uwanjani. Wimbo wa taifa wa Kenya nao ni wa Kiswahili, na nilisimama nikisikiliza watoto ambao sentensi yao ya kwanza asubuhi ni ya Dholuo wakiimba Kiswahili kwa sauti ya juu, silabi kwa silabi, kama watu wanaopita mto kwa kukanyaga mawe. Kwetu mtoto huwa hajui kama anasema Kiswahili, ni hewa. Huku Kiswahili kina kipindi chake kwenye ratiba, dakika 30, kisha kengele inagongwa na kinaondoka. Katika madarasa ya chini watoto hufundishwa kwa lugha ya eneo lao, huku Kiingereza na Kiswahili vikisomwa kama masomo; kuanzia gredi ya nne Kiingereza huchukua usukani. Mtoto wa Magunga wa miaka minane anabeba lugha tatu kwenye mkoba mmoja.

Gredi ya pili ilikuwa na watoto 43. Kazi ya kwanza ilikuwa rejista, na sijawahi kusikia rejista kama ile. Kwa Wajaluo jina la mtoto hutaja saa aliyozaliwa. Omondi alikuja alfajiri, Onyango jua likipanda, Ochieng wakati limewaka, Odhiambo jioni, Otieno usiku. Okoth alishuka na mvua. Wasichana huanza na A: Amondi, Anyango, Achieng, Adhiambo, Atieno, Akoth. Mapacha wana yao: Opiyo ni yule aliyeharakisha kutoka, Odongo ni yule aliyebaki nyuma. Binti alipokuwa akisoma majina nilihisi nasikia usiku na mchana wa Gwassi ukipita, mvua zake, wakunga wake wakiamshwa. Majina manne yalikuwa na nyota ndogo ya penseli pembeni. Alikuta nyota hizo kwa mwalimu wa darasa.

Alipofika kwenye nyota ya kwanza hakusoma. Aliinua vidole viwili akavigusisha juu ya nyusi yake ya kulia. Na darasa zima, watoto wote, wakainua vidole viwili na kuvigusisha juu ya nyusi zao za kulia. Msichana wa dawati la pili, ambaye ana kovu dogo pale pale, akainua mkono: nipo. Ni kiziwi tangu utoto. Wenzake ndio waliompa jina hilo, na baada ya hapo wakaona si haki awe nalo peke yake, wakapeana wote. Mvulana mwenye ualbino ni kofia, kiganja juu ya utosi. Yule ambaye miguu na mikono yake ilikakamaa tangu kuzaliwa ni ngumi mbili zinazosukuma, kwa sababu anapenda kusukumwa kwa kasi kwenye kiti chake cha magurudumu. Msichana mkubwa wa miaka kumi na moja, ambaye bado anahangaika na herufi, ni mkono unaotikisa mtoto mgongoni. Huja na mdogo wake mara kwa mara. Binti mwenyewe ni penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Aliniambia alipewa jina hilo siku ya tatu, na kwamba siku mbili za kwanza, kabla hajapewa, alikuwa anajiona kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni tu.

Mkufunzi kutoka chuoni alifika kabla ya kipindi cha hisabati, mtu mpole mwenye fomu ya kutathmini, akakaa karibu yangu. Kipindi hiki nitakieleza polepole, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Somo lilikuwa kujumlisha namba tatu ndogo. Watoto walikuwa na kokoto, kila mmoja rundo lake, zimeoshwa na zimehifadhiwa kwenye makopo ya kimbo. Kwa vidole vya kawaida kokoto inatosha. Kwa vidole vilivyokakamaa ni kitu kinachotoroka. Kwa hiyo pembeni mwa darasa palikuwa na rundo la pili la mawe ya ukubwa wa ngumi, ambayo wenzake walikuwa wamemwokotea yule mvulana, na ilipofika zamu yake walimteremsha kwenye kiti wakamkalisha sakafuni, mgongo ukutani. Alihesabu kwa kuyasukuma kwa mkono wa mbele, tangu kiwiko hadi kiganja, kama mtu anayekusanya mahindi kwenye mkeka.

Swali lake lilikuwa mbili na tatu na moja. Alisukuma mawe mawili. Akapumzika. Akasukuma matatu. "Abich," akasema. Tano. Kisha likabaki moja, nalo likawa limeviringika mbali. Hakuna aliyelisogeza. Nilikaribia kunyanyuka mimi mwenyewe, na mtoto aliyekaa mbele yangu akanigeukia, akanitazama tu, nikakaa. Mvulana akajivuta kwa makalio, akalifikia, akalileta hadi kwenye yale matano. Wote walikuwa kimya, na nje kengele ya kubadilisha kipindi, rimu ya gari iliyotundikwa mti, ikagongwa. Mkufunzi akatazama saa yake. Binti aliisikia kengele, nilimwona akiisikia, akaendelea kuchuchumaa pale pale. Mvulana akasema, "Abich... achiel," tano, moja, halafu uso wake ukafunguka: "Auchiel!"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya mvulana. Katika Dholuo sita ni auchiel, na ukisikiliza vizuri ndani yake utasikia tano na moja vimeshikana. Saba ni abiriyo, ile tano tena, na ariyo, mbili. Lugha yenyewe imeshamfanyia mtoto jumla. Nilikaa nikahesabu kwa Kiswahili changu kimoyomoyo. Sita, saba, tisa, maneno mazuri tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, lakini hayamwambii mtoto kitu. Ni lazima ayakariri kama majina ya vituo vya basi. Miaka yote niliyofundisha KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, sikuwahi kujiuliza kama mtoto wa Kijita au wa Kikurya aliyekuja darasani kwangu alikuwa na njia nyingine ya kufika kwenye sita, ambayo nilimfungia mlangoni.

Mvulana wa kofia naye alikuwa na kadi zake. Alikaa upande wa mbali na dirisha, ambako mwanga haumchomi, akipitisha kidole kwenye uzi wa nyavu. Aliipata sita kwa kidole kabla hajaiinua hadi kwenye macho. Akaizunguka mara mbili tatu, akacheka.

Baadaye mkufunzi alimwambia binti kwamba zana zake ni nzuri na kwamba kipindi kilipita muda kwa dakika saba. Alimwambia kwa upole, na alikuwa sahihi: kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30, na mwalimu anayefuata alikuwa amesimama mlangoni. Yule mwalimu aliyesimama mlangoni hakugonga wala hakukohoa. Alikuwa anatazama mawe.

Saa ya chakula tulikula nyoyo kwenye sahani za bati, na mazungumzo ya ofisi ya walimu yakaingia kwenye Kiswahili, kwa heshima yangu nadhani. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini Watanzania husema ngeli ya M-WA. Nikamjibu kwamba mimi nilifundishwa kuangalia umbo la nomino: mtu, watu. "Sisi ni A-WA," akasema, "tunaangalia upatanisho. Mtu anakuja, watu wanakuja." Nikauliza, "Na kipofu?" Akajibu bila kusita, "Kipofu anakuja. A-WA."

Nilibaki nimeshika kijiko. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema: lugha yetu iliwavalisha watu hawa kiambishi cha kiti na kikapu, na mimi niliyefundishwa kwa umbo niliwaweka KI-VI na kuongeza kwa sauti ndogo kwamba hawa ni wa pekee. Leo tunasema asiyeona, mwenye ulemavu, mwenye ualbino, na ni vizuri, ingawa viziwi wenyewe wameng'ang'ania jina lao. Chama chao Tanzania ni CHAVITA, Chama cha Viziwi, na hawaoni haya nalo. Lakini kumbe ndani ya sarufi ile ile palikuwa na kitenzi kilichokuwa kikiwahesabu watu muda wote. Kipofu anakuja. Kiti kinakuja. Kitenzi hakikuwahi kukosea.

Sitaki msomaji adhani kwamba nilikuta pepo huko Gwassi. Baada ya chakula kulikuwa na Kiswahili, na hapo ndipo siku iliponiuma. Binti alifundisha salamu: "Hujambo?" "Sijambo." "Hamjambo?" "Hatujambo!" Darasa liliitika kwa nguvu za mapafu. Msichana wa nyusi alitazama midomo, akatazama jirani yake wa dawati, akafungua na kufunga mdomo pamoja na wengine, akatabasamu. Alikuwa na furaha, sina shaka. Na hakuwa amepata kitu. Ndani ya nusu saa ile hakuna neno hata moja lililoingia kwake.

Binti alijua. Tulipokuwa tukifuta ubao aliniambia, akiwa amenipa mgongo, "Mama, mimi namfundisha kuwa na marafiki. Kusoma simfundishi." Katika lugha ya ishara anajua alfabeti na maneno machache aliyojifunza chuoni. Zile ishara za darasani ni za watoto wenyewe, tamu, chache, zinazofaa kuitana na kucheza na kuomba maji. Haziwezi kusimulia jana. Wala si kwamba nchi yake imemsahau mtoto huyu kwenye maandishi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara kwa jina na kuifanya lugha ya Bunge sawa na Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi kiziwi anaruhusiwa kuisoma mahali pa Kiswahili. (Sisi huiita Lugha ya Alama, ishara na alama, mpaka wa Sirari umepita hata hapo.) Kuna sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu. Tangu 1984 kuna vituo vya kutathmini watoto, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza kwa msaada wa Denmark, na tangu 1986 kuna taasisi ya KISE, Nairobi, ya kuandaa walimu wa elimu maalumu. Hata kaunti yenyewe si ngeni kwa jambo hili: huko Oriang, upande wa Rachuonyo, shirika la Leonard Cheshire lilianza mapema miaka ya 2000 kuwaingiza watoto wenye ulemavu katika shule za msingi za kawaida. Na ng'ambo ya milima hii hii, bonde la Lambwe, kuna shule ya viziwi, ambako mtoto angekuta lugha kamili inayomngoja, na walimu wanaoiongea, na wakubwa ambao ni kama yeye.

Lambwe ni bweni. Msichana ana miaka minane na analelewa na nyanya yake, dani kwa Kijaluo. Dani alikuja shuleni alasiri ile kuchukua mjukuu wake, bibi mrefu aliyefunga kitambaa cha buluu, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Binti alinitafsiria. Dani alisema amekwenda Lambwe, ameiona, ni nzuri. Alisema mtoto huyu usiku hulala akiwa ameushika mkono wake, kwa sababu gizani haoni midomo wala mikono ya mtu, na mkono ndiyo taa yake. "Huko Lambwe," akauliza, "nani atamshika?" Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Nami sikuwa na la kumjibu.

Nimepima kwetu tangu siku ile, na kipimo hakitulii. Musoma tuna shule ya Mwisenge, ile aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili. Leo ina kitengo cha watoto wasioona. Kitengo ni neno la kwetu, na nimekuwa nikilisema maisha yangu yote bila kusikia kwamba limetoka kwenye kutenga. Lakini ndani ya kitengo kuna mashine za nukta nundu na mtu anayejua kuzitumia. Tena kwetu Kanda ya Ziwa kulikuwa na miaka, kuanzia 2007 hivi, ambapo watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, na watoto wakakusanywa Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi ili wasiuawe. Ukuta ule ulijengwa kwa kuwapenda. Nilipomwona mvulana wa kofia akitoka langoni saa tisa, katikati ya ndugu zake, akipiga teke kopo njia nzima kwenda kwao, nilisimama nikamtazama mpaka alipopotea kwenye mtama, na moyo wangu haukuacha kumfuata.

Basi tumeweka ujuzi upande mmoja na wenzake upande mwingine, kwetu na kwao pia, kisha tunamwambia mtoto achague. Ninalolitaka ni mwalimu anayetembea. Kenya imewahi kuwa na walimu wa kuzunguka kwa ajili ya wasioona, wanaokwenda shule hadi shule. Mmoja mwenye Lugha ya Ishara, akifika Magunga hata siku mbili kwa wiki, angewakuta watoto 42 ambao tayari wanasema kwa mikono na wanangoja maneno zaidi. Kwa nchi mbili zinazochangia ziwa moja, hilo si kubwa.

Jambo jingine dogo. Juu ya meza ya darasa hapakuwa na fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni bado zinaviruhusu, kwa idhini ya mwalimu mkuu na visizidi vinne. Nilikuwa na fimbo yangu ya mpera. Siku nzima Magunga mkono wangu ulikuwa ukiitafuta, na watoto wale hawakuwa watulivu kuliko wangu wala wakorofi kuliko wangu.

Usiku binti alijaza sehemu ya mwisho ya mpango wa somo, ile inayoitwa tafakari. Kwetu tunaandika tathmini, na mara nyingi ni mstari mmoja: somo limeeleweka. Alikaa muda mrefu, penseli kwenye nywele, kisha akaandika kuhusu dakika saba. Hakuomba radhi kwa dakika hizo. Aliandika kwamba kesho yake ya kazi, yaani Jumatatu, ataanza na mvulana wa mawe badala ya kumalizia naye. Chini yake akaandika jina la msichana wa nyusi na kuacha mistari mitatu mitupu.

Jumamosi nilisubiri gari kando ya njia ya Sori, pembeni ya turubai lililoanikwa omena. Upande wa pili, kwenye shamba la mtama, alikuwa yule msichana na mbuzi wawili. Aliniona. Akainua kidole kimoja akakisukuma juu ya pua yake, pale miwani yangu inapokaa na ambapo huisukuma kila dakika bila kujua. Nilikuwa nimepewa jina. Nikainua vidole viwili haraka nikavigusisha kwenye nyusi, kumwitikia. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akawaacha mbuzi, akavuka njia, akanishika mkono, akauondoa kwenye nyusi ya kushoto na kuuweka ya kulia.